Petroli ya Pikapu: Chagua Kituo Kabla ya Kuchagua Jina

Sauti ya injini inayogonga kwa sababu ya mafuta mabovu ukiisikia mara moja hutaisahau. Ni mlio mkavu, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo, unaotokea unapokanyaga mafuta ukiwa na mzigo na kupotea mara tu unapoachia pedali. Mimi niliusikia kwenye mlima Kitonga, nikitoka Dar es Salaam kwenda Iringa na Hilux yangu ya petroli, ile yenye injini ya 2TR ya lita 2.7, nikiwa nimepakia mifuko ya saruji. Saa chache kabla ya hapo, taa ya mafuta ilipowaka, nilikuwa nimejaza tangi katika kituo kimoja cha njiani ambacho sikuwa nimewahi kukitumia, kwa kuwa kilikuwa karibu na bei yake ilikuwa nafuu kidogo.

Nilifika Iringa kwa shida. Fundi aliyenipokea hakuanza na injini. Alitoa kwanza mafuta kidogo kwenye tangi na kuyatia katika chupa ya maji ya kunywa, akaiweka juu ya boneti ili yatulie. Baada ya dakika chache chini ya chupa kulionekana tabaka jembamba la maji yenye uchafu wa rangi ya kutu, limejitenga kabisa na petroli iliyo juu yake. Kisha akadondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka upesi na kuiacha karatasi kama ilivyokuwa, lakini tone lile liliacha duara la mafuta ambalo halikuondoka, na harufu yake ilikuwa ya mafuta ya taa. Nililipia kusafisha tangi na nozeli, chujio jipya na plagi nne, na gari lililala gereji siku mbili.

Tangu siku hiyo, mwenzangu yeyote aliyenunua pikapu ya petroli anaponiuliza atumie mafuta ya kampuni gani na oktani ipi, ninamwomba kwanza aelewe oktani ni nini, kwa sababu wengi wetu tunaidhania kuwa ni nguvu. Oktani ni kipimo cha uvumilivu wa petroli: kiasi gani inaweza kugandamizwa na kupashwa joto ndani ya silinda bila kujiwasha yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Ikijiwasha mapema, milipuko miwili inakutana, na huo ndio mlio wa kugonga. Mafuta ya taa yana oktani ndogo sana, kwa hiyo hata kiasi cha wastani kikichanganywa kwenye petroli huishusha, na gari lililokuwa halina tatizo lolote barabara ya tambarare linaanza kulalamika mlimani, mahali ambapo mzigo na joto vinaidai injini zaidi.

Hilux za 2.7 za aina yangu zilitengenezwa zitumie petroli ya kawaida ya RON 91 au zaidi (RON ni kipimo cha oktani). Mgandamizo wa injini hiyo si mkubwa, na hivyo petroli ya oktani ya juu zaidi haiongezei chochote unachoweza kukihisi kwenye usukani. Kwa magari yaliyotumika Japani jambo ni hilo hilo, kwa kuwa petroli ya kawaida ya Japani huanzia RON 89 na ile ya daraja la juu huanzia 96; ukikuta ndani ya kifuniko cha tangi kibandiko cha Kijapani, mtafute anayeweza kukusomea, ujue gari lako linatakiwa kupewa ipi kati ya hizo mbili. Kwa pikapu zilizotoka Marekani kuna mtego mmoja. Namba ya 87 iliyoandikwa kwenye vitabu vyao haipimwi kwa RON, bali ni wastani wa vipimo viwili, na kwa hesabu yetu inakaribia RON 91 au 92. Nimemwona mtu akiogopa kwamba petroli yetu ni "kali mno" kwa gari lake la Kimarekani, na hofu hiyo haina msingi.

Kwa hiyo, kama uko Kenya na pampu zimesimama sambamba, ya Super na ya V-Power, ile ya Shell ya bei ya juu zaidi, soma kitabu cha gari kabla ya kulipa zaidi. Injini yenye taibo au mgandamizo mkubwa inaweza kufaidika na oktani ya juu, hasa ikivuta mzigo, kwa sababu kompyuta yake inaposikia mlio wa kugonga huchelewesha cheche ili kuilinda injini, na nguvu hupungua. Injini ya kawaida iliyoundwa kwa 91 haina cha kurudishiwa. Kuhusu zile chupa za dawa ya kuongeza oktani zinazouzwa madukani, ushauri wangu ni kuziacha. Baadhi yake zina madini ya chuma, na plagi zinazotoka kwenye injini iliyolishwa dawa hizo huwa zimepakwa vumbi jekundu kama la tofali.

Sasa nije kwenye jina la kampuni. Hapa Tanzania, tangu 2012, mafuta huagizwa kwa pamoja, kazi ambayo leo iko chini ya Wakala wa Uagizaji wa Mafuta kwa Pamoja. Meli moja inayoshusha Dar es Salaam, Tanga au Mtwara huwa imebeba mafuta ya kampuni nyingi, kubwa na ndogo. Petroli ya msingi ni ile ile. Kampuni zinazojitangaza kuwa na petroli ya kusafisha injini huongeza viambato vyao baadaye, mafuta yakiwa yamekwisha kufika nchini, na viambato hivyo vina manufaa ya kweli kwa usafi wa nozeli na vali kadiri kilomita zinavyoongezeka. Siwapingi wanaovilipia. Ninachosema ni kwamba kiambato bora kabisa hakiwezi kuisaidia petroli iliyolala wiki tatu kwenye tangi la chini ya ardhi linaloingiza maji ya masika.

Uchakachuaji nao si jambo la kuzua. Ndiyo sababu EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ilianza mwaka 2010 kuweka vinasaba kwenye mafuta, yaani alama za siri za kuyatambua yaliyochanganywa, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuondoa ile tofauti ya bei iliyokuwa inawavutia wachanganyaji. Hali ni nafuu kuliko ilivyokuwa, lakini maji na uchafu havisubiri mchanganyaji. Vinaingia kwa uzembe tu.

Mimi sasa ninachagua kituo chenye magari mengi, hasa mabasi madogo na teksi, kwa sababu madereva wanaoishi kwa gari huhama upesi wanapouziwa mafuta mabaya, na kwa sababu petroli inayouzwa haraka haipati muda wa kuchakaa. Nikikuta lori la mafuta linashusha, ninapita, maana mafuta yanayoingia kwa nguvu huvuruga mashapo yaliyotulia chini ya tangi, na nusu saa ya kusubiri haitoshi. Siiachi taa ya mafuta iwake tena njiani: nikifika Morogoro ninajaza katika kituo ninachokijua, hata tangi likiwa nusu, ili nisilazimike kununua popote taa itakaponikuta. Kabla ya kupanda Kitonga ninataka niwe na petroli ninayoiamini, kwani lile bonde la Ruaha kuelekea mlimani lina joto, na injini iliyobeba tani moja haina pa kupumzika hadi ifike juu. Huko Iringa kwenyewe, kwenye baridi na hewa nyepesi ya mwinuko wa zaidi ya mita 1,500, hata petroli dhaifu huweza kujificha isigonge, kwa hiyo usiipime hapo ukadhani umepona.

Na chukua risiti ya mashine kila unapojaza, uihifadhi hadi tangi litakapokwisha. Taarifa za bei kikomo ambazo EWURA huzitoa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi hurudia kwamba stakabadhi hiyo ndiyo kidhibiti cha mnunuzi akiuziwa mafuta yasiyo na ubora. Mimi siku ile niliporudi kituoni na chupa yangu mkononi, nikiwa na maji yake yanayoonekana wazi, mhudumu aliniuliza risiti iko wapi, na sikuwa nayo.