Dawa ya viroboto ya mbwa kwa paka

Hapana dada, umeuliza kama dawa ya viroboto ya mbwa unaweza kumpaka paka: usimpake hata tone. Geuza chupa usome maandishi madogo nyuma, ukiona permethrin au cypermethrin (sumu za kuulia wadudu) iache hapohapo. Ini la mbwa linaivunja hiyo dawa, la paka haliwezi, inabaki mwilini inashika mishipa ya fahamu, ndo unaona paka anatetemeka, masikio yanachezacheza, mate yanatoka halafu degedege. Nipo duka la pembejeo hapa Masasi, na msimu wa kupulizia mikorosho ndo balaa zaidi maana watu wanabeba dawa za shambani zilizobaki wanapiga mpaka kwenye banda la sungura!! Hizo za shamba hazihusiki ndani kabisa.

Kama ulishampaka, muogeshe saa hii na maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, mfunge taulo asijilambe, na mpigie daktari wa mifugo hata kama bado anaonekana mzima.

Viroboto wenyewe wengi hawapo kwenye paka, mayai na funza wao wamejaa chini ya mkeka na kwenye nyufa za sakafu, so fua anapolalia kwa maji ya moto, anika mikeka juani, fagia kila siku uchafu utupe mbali na nyumba. Sungura naye asipewe fipronil (dawa nyingine ya viroboto), hata ile iliyoandikwa ya paka, inaweza kumuua.