Kiingilio Nimelipa, Huduma Iko Wapi?

Barua za wasomaji kuhusu kumbi kongwe za muziki, na majibu ya meza ya burudani

Barua za safari hii zina kilio kimoja: ukumbi una jina, muziki una jina, lakini mteja katoka na kinyongo. Majina ya kumbi tumeyaondoa, tumebakiza maswali.

SWALI: Wahariri, salaam. Jumamosi tulikuwa watu sita kwenye ukumbi mmoja wa zamani wa dansi hapa Dar. Tangazo lilisema saa 2 usiku. Bendi imepanda saa 5 kasoro robo, na waimbaji wawili waliokuwa kwenye tangazo hawakuonekana kabisa. Kiingilio 10,000 kila mtu. Nilipomfuata meneja akasema, "Hayo waulize wenye bendi." Wenye bendi nao wakasema, "Waulize wenye ukumbi." Nani alipaswa kunijibu, na je, hela yangu nitaipata? – *Mpenda dansi, Temeke*

JIBU: Mzee wetu wa Temeke, kila mmoja alikupa nusu ya ukweli. Mazoea ya dansi Dar ni kwamba bendi inachukua mlango, mwenye ukumbi anachukua kaunta. Elfu kumi yako imekwenda kwa bendi. Bia na chipsi vimekwenda kwa mwenye baa. Kwa hiyo malalamiko ya muda na waimbaji ni ya bendi, na malalamiko ya viti, choo na chenji ni ya baa. Ukiyachanganya, watakurusha kama mpira mpaka uchoke.

Mpango huohuo ndio unaozaa ucheleweshaji. Mwenye baa hapati hasara mteja akisubiri saa mbili huku anakunywa. Bendi nayo haitaki kupanda wakati mlangoni wameingia watu ishirini. Anayeumia ni wewe uliyeheshimu saa ya tangazo.

Zamani mambo yalikuwa tofauti. NUTA Jazz ya 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya 1971 ilikuwa ya vijana wa TANU, na Mlimani Park Orchestra, iliyoanza 1978 kwenye baa iliyoipa jina, ilichukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam (DDC) mwaka 1983. Mwenye bendi alinunua vyombo, akalipa mishahara, na mteja alijua mlango wa kubisha. Wengi bado tunalalamika kwa mtindo ule, tunamshika "meneja", kumbe tuliyemshika ni meneja wa bia.

Sasa, siku nyingine kabla hujatoa noti pale kwenye meza ya tiketi, uliza: bendi inapanda saa ngapi, na waimbaji gani wapo leo? Usiulize "mnaanza saa ngapi", maana utatajiwa saa ya kufungua mlango. Halafu jua kwamba kwenye dansi saa ya kwanza ni ya kupasha vyombo: zinapigwa ala tupu, au wanaimba chipukizi, nyota wanapanda baadaye. Huo ni utaratibu, si utapeli. Utapeli ni kubandika sura ya mwimbaji ambaye mwenye bendi anajua fika yuko safarini.

Kudai kuna wakati wake. Mlango mara nyingi huhesabiwa na kugawanywa usiku uleule, hivyo saa nane usiku hakuna mfuko wa kukurudishia. Ikipita saa moja tangu muda ulioambiwa, nenda na kishina cha tiketi kwa aliyeshika kitabu cha tiketi. Usihangaike na baunsa, yeye hana mamlaka ya shilingi hata moja. Kabla bendi haijapanda, dai hela. Ikishapanda, omba kuingia bure wiki inayofuata. Hilo wanalikubali upesi kwa sababu halitoi fedha mfukoni mwao. Aandike nyuma ya kishina, aweke tarehe na sahihi. Ukicheza hadi wimbo wa mwisho ndipo udai kiingilio chote, hapo sisi wenyewe hatutakutetea.

Tangazo lipige picha ungali mlangoni, maana asubuhi litakuwa limebanduliwa. Kesho yake tuma ujumbe kama huu kwenye namba iliyo kwenye tangazo:

"Habari. Jumamosi tarehe fulani tulilipa viingilio 6 vya 10,000. Tangazo lilitaja saa 2 na waimbaji A na B. Bendi ilipanda saa 4:45, A na B hawakuwapo. Naomba viingilio 6 vya Jumamosi ijayo au 60,000. Nasubiri jibu hadi Alhamisi."

Hakuna "mmetuvunjia heshima", hakuna "tutawaanika mtandaoni". Idadi, saa, unachotaka, siku ya mwisho. Wakinyamaza, Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mtumiaji, na Tume ya Ushindani (FCC) inapokea malalamiko ya aina hiyo. Hapo risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, inakusaidia kuliko mashahidi watano, kwa hiyo idai mlangoni, usingoje mpaka ugomvi.

SWALI: Hamjambo? Kuna klabu ya zamani hapa Mombasa tunayoipenda kwa rumba. Kila tukienda watu wanne au watano, bili inakuja na chupa mbili tatu za ziada. Juzi weita aliniambia nitume pesa kwa namba yake ya simu kwa sababu "mashine imekwama", na chenji ya 300 sijaiona mpaka leo. – *Kaka wa Tudor*

JIBU: Kaka, chupa za ziada si lazima ziwe wizi wa makusudi, ingawa wizi upo. Angalia saa. Kwenye klabu zinazokesha, weita wa jioni hukabidhi meza kwa wa usiku, na hapo ndipo bili za meza mbili huunganishwa. Sababu nyingine ni kwamba baa nyingi humkata weita chupa ambayo haikulipwa. Mteja wa meza ya tano akitoroka, hasara inatafutiwa meza yenye kelele ambayo watu wake hawahesabu. Meza yenu hiyo.

Dawa ni kulipa kila mzunguko unapoletwa. Kama mnataka bili moja, msikubali chupa tupu ziondolewe. Zikiondolewa, vizibo vibaki kwenye kisahani katikati ya meza. Weita mpya akija, mwambie asome bili kwa sauti kabla mwenzake hajaondoka. Dakika moja inatosha.

Kuhusu simu: lipa kwa namba ya Lipa na M-Pesa iliyobandikwa kaunta, na kabla ya kuweka PIN tazama jina linalotokea. Likiwa la mtu badala ya la biashara, simama. Ukilipa kwa namba ya mtu binafsi, kesho mwenye klabu atakuambia hakuona pesa yoyote, na atakuwa anasema kweli. Ukishatuma kimakosa, sambaza ujumbe wa muamala kwenda 456 papo hapo, kabla aliyepokea hajazitoa.

Chenji usiidai kwa weita anayekimbia na trei. Nenda kaunta, taja namba ya meza na saa. Kenya kuna Mahakama ya Madai Madogo kwa madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, ila kwa shilingi 300 nauli itakula chenji. Bora umwone mwenye klabu siku ya kazi, mchana, akiwa anahesabu stoo. Usiku wa muziki hakusikii, hata kwa maana ya masikio.

SWALI: Assalaam alaykum. Nilikwenda kusikiliza taarab kwenye ua wa jengo la kale hapa Unguja. Hata zumari ya mtu mmoja ningeisikia vizuri zaidi! Maneno yote yalikuwa yanavurugika, besi inapiga kifuani. Nilipomwambia fundi mitambo, akanigeuzia mgongo. Taarab bila mashairi ni nini? – *Bi Mkubwa wa Malindi*

JIBU: Waalaykum salaam, Bi Mkubwa. Umelalamika kwa haki, ila adui yako mkubwa zaidi ni ukuta.

Sauti huenda kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Ukuta wa mawe na chokaa ulio mita 17 nyuma yako hukurudishia sauti baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mwimbaji anatamka silabi ya pili, ya kwanza bado inarudi. Fidla na udi vinastahimili hilo, maneno hayastahimili. Besi nayo hujazana kwenye kuta na pembe, kwa hiyo aliyekaa pembeni anapata ngurumo ambayo fundi, akiwa katikati, haisikii.

Kosa la kawaida la fundi ni kuongeza sauti akiambiwa "haisikiki". Kila anachoongeza kinagonga ukuta na kurudi. Kinachofaa ni kupunguza besi, kushusha sauti kwa jumla, na kuweka spika ndogo ndogo karibu na wasikilizaji, zikicheleweshwa kidogo ili zilingane na za jukwaani. Kosa jingine ni kupima vyombo alasiri ua ukiwa mtupu. Miili na nguo hunywa sauti. Watu wakijaa, mizani yote inahama, na aliyepima saa 10 asirekebishe saa 3 ameacha kazi katikati.

Wenye ukumbi hawawezi kutundika kila kitu wanachotaka. Mji Mkongwe umo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2000, na ukuta wa zamani hautobolewi ovyo. Tatizo lenyewe si la Unguja peke yake. Royal Albert Hall ya London ilifunguliwa 1871 ikiwa na mwangwi, na ndio ukaja kupunguzwa 1969 zilipotundikwa sahani kubwa za faibaglasi chini ya dari.

Wewe fanya hivi. Fika mapema, simama unapotaka kukaa, piga kofi moja kali. Ukisikia mlio unaotetemeka baada yake, sogea. Mahali pazuri ni theluthi ya kwanza ya ua, karibu na mstari wa katikati, mita tatu au zaidi kutoka ukutani. Kwa fundi nenda wimbo ukiisha, mwambie kitu kimoja anachoweza kukigusa: "Kwenye safu ya sita maneno hayasikiki, besi imezidi." Ukimwambia "muziki mbaya", umemtukana na hajui ashike kitufe gani. Akikataa, mtafute aliyeandaa onyesho, kwani mara nyingi mitambo ni ya kukodi na fundi anamsikiliza anayemlipa.

Masikio yako pia yana haki. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 liliweka kiwango cha wastani usiozidi desibeli 100 kwa dakika 15 kwenye kumbi. Kwa kipimo cha kazini cha desibeli 85 kwa saa 8, kila desibeli 3 zikiongezeka muda salama hukatika nusu. Ukifika 100, ni dakika 15 tu. Chukua vizibo vya sponji: sokota kiwe chembamba, vuta sikio juu kwa mkono wa pili, ingiza, shikilia sekunde 30 kivimbe. Vinapunguza ngurumo, na maneno mara nyingine husikika bora kuliko bila vizibo.

SWALI: Nipo Leicester, Uingereza. Nilinunua tiketi mbili za ukumbi wa karne ya 19, £58 kila moja, kwa kadi ya mkopo. Tumekaa nyuma ya nguzo saa mbili nzima. Mhudumu akasema, "Jengo ndivyo lilivyo." – *Mama Salma*

JIBU: Mama Salma, nguzo kwenye kumbi za zamani ndizo zinazobeba roshani. Ryman, ukumbi wa Nashville, Marekani, kwa mfano, ilijengwa 1892 kwa ajili ya mahubiri, roshani ikaongezwa 1897, na nguzo zake zinawaziba baadhi ya watu wa chini hadi leo. Jengo halina kosa. Kosa ni kukuuzia kiti bila kukuambia.

Tafuta barua pepe ya tiketi uone kama iliandikwa kuwa kiti kina kizuizi cha kuona. Kama iliandikwa, huna dai. Kama haikuandikwa, una dai; siku nyingine piga picha kutoka kitini, simu ikiwa usawa wa macho, na mwambie mhudumu kabla ya wimbo wa tatu akuhamishe. Viti vya wasiofika hujulikana mapema. Kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya Uingereza ya 1974, kinachomlinda anayelipa kwa kadi ya mkopo, hakitakufaa: kinataka bei ya kitu kimoja izidi £100, na tiketi mbili za £58 huhesabiwa mojamoja. Omba benki ikurudishie kwa utaratibu wa kupinga malipo, na usichelewe, kwani una ukomo wa muda, mara nyingi siku 120. Ukinunua kwa mwuzaji wa mkono wa pili, sheria ya haki za watumiaji ya 2015 inamtaka akutajie kiti chako hasa, masharti ya tiketi na bei yake ya asili.

SWALI: Nilitaka kumtuza mwimbaji, baunsa akanizuia mbele ya watu. Kulikoni? – *Shangazi wa Kinondoni*

JIBU: Shangazi, bila shaka ulipandia mbele. Pale pana nyaya na spika za kuwarudishia waimbaji sauti. Ukizikanyaga, maikrofoni inapiga mluzi ukumbi mzima. Pita ngazi ya pembeni, ngoja kiitikio, shika noti wazi mkononi ili baunsa aione tangu mbali. Mpe mwimbaji kwenye mkono usioshika maikrofoni, cheza hatua mbili, shuka ulikopandia. Na kama unataka tuzo iwe yake peke yake, muulize kwanza mtu wa bendi, kwa sababu bendi nyingine huziweka tuzo zote kwenye ndoo moja na kugawana.