Kusoma theatre chuo kikuu kunalipa au hakulipi? Nawajibu kama niliyeisoma

Wadogo zangu mnaosubiri majibu ya vyuo, na nyie wazazi mnaoniuliza mtoto akisoma sanaa za maonyesho atakula nini, jibu langu ni kwamba inalipa, ila hailipi kwa ule mtindo anaoujua mzee wako, wa mshahara kuingia benki kila mwisho wa mwezi. Mi nimesoma pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), ada ilitoka bodi ya mikopo ya wanafunzi, na mpaka leo kodi ya nyumba nalipa na mdogo wangu namsomesha kwa kazi zilizotokana na hiyo digrii, lakini kazi ambazo mkataba wake umeniita mwigizaji ni chache mno.

Na hapo ndo penye shida, maana wengi wanaingia darasani wakifikiria kuonekana kwenye TV. Sasa anayetafuta waigizaji wa tamthilia haulizi GPA, anataka uwezo, mwonekano anaouhitaji na mtu anayefika lokesheni saa aliyoambiwa, kwa hiyo wewe na dada aliyekulia kikundi cha sanaa cha mtaani mnagombea nafasi moja kwa malipo yaleyale na cheti hakikuongezei hata shilingi. Kama ndoto yako ni hiyo peke yake basi fikiria TaSUBa, chuo cha sanaa na utamaduni kule Bagamoyo, unafanya sanaa kwa mikono na mwili kuanzia asubuhi, unatoka na cheti au stashahada na umeshaanza kufahamiana na wasanii mapema.

Digrii inaingiza hela sehemu nyingine kabisa. Idara yetu ina historia ndefu ya kutumia maigizo kwa ajili ya maendeleo, walimu kama Penina Mlama na Amandina Lihamba walikuwa wanaenda vijijini, wanakaa na watu, wanachimba tatizo, halafu wanatengeneza igizo pamoja na wanakijiji wenyewe na baada ya igizo watu wanajadiliana nini kifanyike. Humo ndo ulitoka mradi wa Tuseme, ulianza 1996 kwenye shule za sekondari, wasichana wanataja wenyewe vitu vinavyowakwamisha masomo, wanaviigiza mbele ya walimu na wenzao, baadae FAWE, shirika la Afrika linalotetea elimu ya wasichana, likaubeba ukafika nchi nyingi za Afrika. Nimeandika hili kwa urefu makusudi kwa sababu ndo bidhaa unayouza ukishamaliza! Miradi ya afya, ya lishe, ya ukatili wa kijinsia, yote inahitaji mtu wa kusimama mbele ya watu wa kijiji wasiomjua na ndani ya muda mfupi wakaanza kusema yale wasiyoyasema kwenye mkutano wa hadhara, na hicho kitu hakisomwi kwenye kozi ya biashara.

Tatizo tangazo la kazi halitaandika msanii. Litaandika mwezeshaji, afisa uhamasishaji jamii, afisa mabadiliko ya tabia, na kwenye sifa wataweka sosholojia, maendeleo ya jamii "au fani zinazofanana", wenzetu wengi wakiona hivyo wanafunga simu. Omba! Na kwenye CV usiandike uliigiza kama nani, andika uliongoza mijadala ya jamii, uliandaa maudhui, ulisimamia kikundi cha watu wangapi na bajeti ya kiasi gani.

Kuna na kuingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za nje. Mwaka 2011 TBC ilirusha tamthilia ya Kichina ikiwa na sauti za Kiswahili, tangu hapo soko limekua, StarTimes wamefanya mashindano ya kutafuta sauti na Azam nao wanaonyesha tamthilia za Kituruki kwa Kiswahili. Ile pumzi na matamshi mnayochoka nayo mwaka wa kwanza, studio ndo inakolipiwa.

Tuje kwenye deni la bodi maana hesabu ya kozi yoyote bila deni ni uongo. Ukiajiriwa wanakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yani ukilipwa laki nane, laki moja na ishirini inaondoka kabla hujaishika. Afadhali ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa 2021, nyie mnaanza na nafuu. Ukiwa wa mikataba ya muda mfupi kama mimi hamna wa kukukatia, so kila malipo yakiingia tenga ya bodi kwanza, na kumbuka kwenye ada ya huduma mteja anazuia asilimia 5 ya kodi ya TRA (mamlaka ya mapato), milioni mbili unapokea milioni moja na laki tisa, mdai cheti cha zuio, yani uthibitisho wa kodi aliyokukata, siku hiyohiyo kwa sababu mwisho wa mwaka kinapunguza kodi yako. Dai advansi pia, miradi inachelewa kulipa na nauli ya kwenda wilayani unatoa wewe.

Wanaoniuliza kuhusu kusoma nje, mfano mnaoutaja ni mwigizaji Lupita Nyong'o, alimaliza chuo cha Yale cha Marekani 2012 na Oscar akachukua 2014. Sawa, ila ile shule ya drama ya Yale tangu 2021 haitozi ada baada ya kupewa dola milioni 150 na tajiri wa muziki na filamu David Geffen, na nafasi zake ni chache sana. Jaribu huko na kwenye skolashipu nyingine zinazolipa kila kitu, lakini kuuza kiwanja cha familia ukasome uigizaji Uingereza au Marekani mi sikushauri hata kidogo.

Ukishaingia, kozi za hiari chukua zile za kuandika miradi, utafiti na utawala wa sanaa, na likizo ukafanye field kwenye shirika hata kama wanakupa nauli tu, maana wengi niliofanya nao kazi baadae walinijua nikiwa bado nasubiri boom, ile hela ya kujikimu ya bodi.