Ukoka chini ya mwembe

SWALI: Nimepanda ukoka uani. Penye jua umestawi, lakini chini ya mwembe unakonda ingawa namwagilia kila jioni. Niongeze mbolea? – Msomaji, Tanga

JIBU: Mbolea iache. Ukoka hutaka jua la moja kwa moja kwa muda wa saa 6 hivi kila siku. Kivulini hurefuka, hukonda, kisha huacha vipara. Naitrojeni iliyomo kwenye mbolea itazidisha urefu huo tu. Na maji ya jioni huyaacha majani yakiwa yameloa usiku kucha, ndipo ukungu unapoingia. Mwagilia alfajiri, mara mbili kwa wiki, jumla milimita 25. Weka kopo tupu kwenye nyasi, upime kina cha maji kwa rula.

Chini ya mti ng'oa ukoka, tifua sentimita 5 tu usije ukakata mizizi, upandikize vipande vya nyasi zitambaazo za majani mapana, zinazovumilia kivuli: vifundo (maungio ya bua) viwili au vitatu kila kipande, nafasi sentimita 20. Wiki mbili za mwanzo nyasi hizo zipate maji kila siku. Baadaye zikate zibaki sentimita 7. Ukoka wa juani, 3 hadi 4. Karibu kabisa na shina usihangaike, tandaza majani makavu.