Tope la magadi lisitendewe kama tope la Kivu

Wadogo zangu wa biolojia hapa Bukavu, mnaotaka kuandika TFC (kazi ya kumaliza masomo) juu ya bakteria wapenda chumvi na magadi: tope la Ziwa Kivu halitawapa mnachotafuta. Maji yake ya juu yana pH (kipimo cha asidi na magadi) karibu 9, sawa, ila chumvi ni kama gramu 1 tu kwa lita. Ziwa la magadi lililo karibu nasi ni Katwe, upande wa Uganda. Lililosomwa sana ni Magadi la Kenya. Kwenye tope lake ndimo alimopatikana bakteria Natroniella acetigena, aliyeelezwa mwaka 1996, asiyeishi bila sodiamu na asiyetaka oksijeni. (Wekundu mnaouona kwenye picha za ziwa lile ni wa arkea zaidi, viumbe wadogo kama bakteria ila wa ukoo mwingine kabisa.)

Tope lisafirishwe kwenye chupa iliyojaa mpaka mdomoni, pamoja na maji ya ziwa lenyewe, hewa isibaki. Msilisuuze kwa maji matupu! Seli iliyozoea chumvi kali huvuta maji ndani mpaka ipasuke, kisha mtaangalia hadubini mkidhani tope halina kitu.

Kwenye chakula cha kuoteshea bakteria ndipo wengi hukwama. Sodiamu kaboneti ichemshwe kwa presha peke yake. Sukari, magnesiamu na agari (kigandisho) chupa nyingine. Mkizichemsha pamoja, sukari inageuka kahawia, magnesiamu inatuama kama unga mweupe, na agari inakataa kuganda. Changanyeni chupa zikiwa bado za moto lakini zinashikika mkononi, mmimine haraka.

Sasa hili nawasihi sana: msitie asidi kwenye tope hilo. Linaponuka kidogo tu, msidhani halina salfidi, yaani kiwanja cha salfa. Katika pH ya 10 salfidi imeyeyuka majini na haitoki. Mkiishusha pH, inageuka gesi ya mayai yaliyooza, papo hapo, pamoja na povu la kaboni dioksaidi. Gesi hiyo inaua, tena ikizidi pua huacha kuisikia. Labo zetu nyingi hazina kabati la kuvuta hewa, na umeme ukikatika hata feni ya dirishani inasimama. Kama mwelekezi wenu anadai jaribio la asidi, mwambieni kwa heshima kwamba lifanyike nje, kwa tope la ncha ya kijiko, mkisimama upande upepo unakotoka.