SSD ya GB 240 imejaa, ninunue ipi? Jibu langu kwa mdau wa Makorora

Mkuu, nimekusoma vizuri. Mashine umeiunga mwenyewe: bodi ya B450, Ryzen 5 3600, kadi ya GTX 1660 Super, SSD ya SATA (hifadhi ya chipu, ya kuunga kwa waya) ya GB 240 iliyobeba Windows na gemu mbili tu, halafu hadi diski kuukuu (ile ya visahani vinavyozunguka) ya TB 1. Muuzaji wa Dar amekupa chaguo mbili: NVMe (SSD ya kuchomeka moja kwa moja kwenye bodi) ya Gen4 ya TB 1, ile ya kusoma MB 7000 kwa sekunde, au uongeze hela kidogo upate TB 2 ya Gen3. Unauliza uchukue ipi, na kama utaweza kuifunga mwenyewe hapo Makorora, Tanga, bila fundi.

Chukua ya TB 2. Fundi huhitaji, bisibisi ndogo ya nyota inatosha.

Kwanza tazama bodi yako. B450 inaishia PCIe 3.0, yaani Gen3 (PCIe ndiyo njia ya data kati ya bodi na draivu). Prosesa yako kweli inaijua Gen4, ila bodi haiipitishi. Hiyo draivu ya 7000 ukiichomeka itafanya kazi bila shida, lakini itaishia kwenye 3500 hivi, sawa na Gen3 nzuri. Utakuwa umelipia namba ya kwenye boksi. Kama una mpango wa kweli wa kubadili bodi mwaka huu, hapo Gen4 ina maana kwa sababu utahama nayo. Mpango wa "ipo siku nitabadili" siuhesabu.

Halafu njoo kwenye gemu zenyewe. Ukitoka hadi diski kwenda SSD yoyote utaona tofauti kubwa. Hadi diski inasoma MB 100 mpaka 200 kwa sekunde kwenye mafaili makubwa, na ikikutana na maelfu ya mafaili madogo inachoka kabisa, maana kichwa chake lazima kihame kila mara. SSD ya SATA inafika 550 na haina kichwa cha kuhamisha. Lakini ukitoka SATA kwenda NVMe, au Gen3 kwenda Gen4, gemu nyingi zinakupunguzia sekunde chache za kusubiri basi, kwa sababu muda mwingi unaliwa na prosesa ikifungua data iliyobanwa. FPS (picha kwa sekunde) haziongezeki. Hapa kibandani kwangu Ngamiani mashine za SATA na za NVMe zimekaa jirani, na vijana hawajawahi kugombea kiti kwa ajili ya hilo. Wanagombea monita.

Kinachokubana wewe ni nafasi. Baldur's Gate 3 inaomba GB 150 na inataka SSD kabisa. Red Dead Redemption 2 nayo 150. TB 1 utaiona kwenye Windows kama GB 931 (kiwandani wanahesabu kwa 1000, Windows kwa 1024, hujaibiwa). Toa Windows na programu zako, toa asilimia kumi na kitu ya kuacha wazi, unabaki na gemu kubwa nne, tano kwa kubanana. Kuna nchi ambako kufuta gemu na kuishusha tena ni kazi ya jioni moja. Kwetu GB 150 ni bando. Na ile Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipopata hitilafu intaneti ikawa ya kusuasua, aliyekuwa na gemu zake kwenye diski aliendelea kucheza, mwenzake akabaki kutazama mstari wa kushushia.

Lakini usinunue TB 2 yoyote ile. Muulize muuzaji chipu ni TLC au QLC, na kama hajui, tafuta modeli yake mtandaoni kabla hujatuma hela. TLC inaweka biti tatu kwenye kila seli, QLC nne, ndiyo maana QLC ina bei rahisi zaidi. Kwa kusoma gemu QLC haina neno. Mambo yanaharibika kwenye kuandika: sehemu ya nafasi yake inatumika kama akiba ya haraka, na ikijaa kasi inaporomoka. Samsung wenyewe wameandika kwenye maelezo ya 870 QVO ya TB 1 kwamba akiba ya GB 42 ikiisha, inaandika MB 80 kwa sekunde. Hapo hata hadi diski inaweza kuishinda! Rafiki akikuletea gemu ya GB 150 kwenye diski ya nje, karibu nusu saa utaikaa. Sisi tunaopeana gemu kwa diski tunaumizwa na hili kuliko wanaoshusha kwa intaneti, maana intaneti yetu haifikii hata hiyo 80.

Wengine watakutisha na TBW, yaani terabaiti ambazo draivu imedhaminiwa kuandikwa. Kingston NV2 ya TB 1 imepewa 320, Samsung 970 EVO Plus ya TB 1 imepewa 600. Ukiandika GB 50 kila siku ya Mungu, mwaka mzima ni TB 18 hivi. Piga hesabu mwenyewe. Vilevile usikatae draivu kwa sababu haina DRAM (kumbukumbu ndogo ya haraka) yake. Za siku hizi zinaazima kipande kidogo cha RAM ya mashine, na kwa gemu hutahisi kitu.

Mzigo ukifika stendi ya Kange, usikimbilie kuhamisha Windows. Feki zipo, hasa za majina makubwa, na zipo pia zilizotumika zikafungwa upya kwenye boksi. Ukishaifunga kwenye mashine, fungua CrystalDiskInfo, programu ya kuonyesha hali ya diski, utazame saa ilizowashwa na data iliyokwisha kuandikwa. Draivu mpya haina mamia ya saa. Kisha, ukishaiumbiza kama ninavyoeleza huko chini, endesha H2testw, programu ya bure inayojaza draivu yote na kuisoma tena. TB 2 itachukua muda, iache ifanye kazi ukalale. Ile ya feki inayojidai TB 2 huku ndani ina GB 64 itaumbuka hapo. Kubaliana na muuzaji kuhusu kurudisha kabla hajapandisha mzigo kwenye basi.

Sasa kufunga. Soma kitabu cha bodi yako ujue sloti ya M.2 (ya kuchomekea NVMe) ipi imeunganishwa na prosesa. Kwenye B450 nyingi ni ile ya juu, kati ya prosesa na kadi ya grafiki. Kama bodi ina sloti ya pili, baadhi yake ukiitumia inazima poti fulani za SATA, na mtu anadhani hadi diski imekufa ghafla. Angalia pia kama skrubu ya M.2 ipo. Bodi nyingi zilizokwisha kutumika zinakuja bila hiyo skrubu wala kile kinguzo chake, na draivu haikai vizuri bila kushikwa. Mafundi wa laptop wanazo, omba kabla hujaanza kufungua.

Zima, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kadhaa umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha. Kadi ya grafiki ikikuzuia itoe, lakini kumbuka kubonyeza kishikizo cha mwisho wa sloti kwanza, wengi wanakivunja hapo. Draivu inaingia kwa kulala mshazari kidogo, unaisukuma mpaka meno yasionekane, unailaza, unakaza skrubu kwa vidole viwili tu. Kama bodi ina bati la kupoozea, bandua ile plastiki ya kinga kwenye pedi yake. Stika ya draivu iache, ukiibandua dhamana imekwenda. Kwa joto letu la kaskazi, Januari mpaka Machi, hakikisha kuna feni inayoingiza hewa mbele. NVMe ikipata moto sana inajipunguzia mwendo yenyewe.

Jambo la watu wa pwani: ukiwa umefungua, tazama meno ya RAM na ya kadi ya grafiki. Hewa ya chumvi inayaweka utando, hasa kama unaishi karibu na maji kama Sahare au Raskazone. Futa taratibu kwa ufutio safi wa penseli, pangusa vumbi lake, rudisha.

Ukiwasha, draivu mpya haitaonekana kwenye orodha ya diski. Usipaniki. Kama unataka iwe ya gemu pekee, ingia kwenye usimamizi wa diski (Disk Management), ianzishe kwa GPT (mtindo mpya wa kugawa diski), iumbize (format), umemaliza. Mimi ningehamishia na Windows. Clonezilla ni ya bure na inafanya kazi hiyo, ila chagua njia ya wazoefu uweke alama ya -k1, ili sehemu zitanuke kwa uwiano. Usipofanya hivyo, ile sehemu ndogo ya uokoaji itakaa mbele ya C na kuizuia isipanuke. Kabla ya yote angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows. Ifungue, au angalau uwe na ule ufunguo wa tarakimu 48 mahali pengine. Windows ikiwa imewekwa kwa mtindo wa zamani wa MBR, ibadilishe kwanza kwa mbr2gpt, imo ndani ya Windows tangu 2017. Umeme ukikatika katikati ya kunakili, usihofu kwa data ya zamani, maana chanzo kinasomwa tu. Unaanza upya. Ukimaliza, chomoa ile SSD ya 240 kabla ya kuwasha mara ya kwanza, mashine isichanganyikiwe iwake kutoka ipi.

Gemu za Steam usizishushe tena: mipangilio ya hifadhi ina sehemu ya kuhamishia gemu kwenda draivu nyingine. Za Epic, nakili folda ya gemu pembeni, ifute, anza kuisakinisha upya kwenye draivu mpya, isimamishe ikifika asilimia moja au mbili, rudisha folda yako juu yake, endelea. Itakagua mafaili iliyoyakuta na kushusha yaliyopungua tu.

SSD ya 240 usiifute mpaka mashine imewaka vizuri wiki nzima. Baadaye itafutie kikasha cha USB iwe ya kubebea gemu. Ukikwama kwenye Clonezilla weka picha ya skrini hapa, usiku huwa nipo.