Kabla Hujaagiza Vipuri vya Ruger 10/22

Asubuhi ya mashindano yangu ya kwanza ya bunduki za michezo hapa Ohio, msimamizi aliipokea bunduki yangu, Ruger 10/22, ikiwa wazi na tupu, akaisimamisha mtutu ukitazama juu, akanasisha uzito wa pauni 3 kwenye kifyatulio, kisha akaiinua taratibu kutoka mezani. Uzito haukupata hata kuachana na meza. Kifyatulio kilisalimu amri na nyundo, kile kipande cha ndani kinachopiga ili risasi ilipuke, ikagonga. Alirudia mara ya pili, ikawa vilevile. Kanuni za mashindano ya Rimfire Sporter, yaliyo chini ya Civilian Marksmanship Program, shirika la Marekani linaloendeleza shabaha kwa raia, zinataka kifyatulio kihimili pauni 3, na bunduki nzima pamoja na vilengeo vyake isizidi pauni 7.5. Mimi nilikuwa nimefunga kifyatulio cha pauni mbili na nusu kwa sababu tu kila niliyemuuliza alikisifu, na bei yake ilizidi nusu ya bei ya bunduki yenyewe. Niliruhusiwa kushiriki kwa bunduki ya kuazima, 10/22 ya kiwandani iliyoongezewa mkanda na kilengeo cha tundu basi, na alama nilizopata nayo zilizidi zote nilizowahi kuandika kwa bunduki yangu mwenyewe.

Nayaandika haya kwa ajili ya ndugu tunaoishi nao huku Marekani ambao wameanza kuupenda mchezo wa shabaha au uwindaji wa kindi, na ambao simu zao zimejaa matangazo ya vipuri. Kampuni ya Ruger ilianza kuiuza 10/22 mwaka 1964, na ni vigumu kupata bunduki nyingine ya nusu-otomatiki inayotumia risasi ndogo ya .22 Long Rifle ambayo ni rahisi kufunguliwa kama hii. Kitako kinatoka kwa skrubu moja, mfumo mzima wa kifyatulio umeshikiliwa na pini mbili, na mtutu umebanwa na kipande chenye umbo la V kwa skrubu mbili, kiasi kwamba mtu anaweza kuubadilisha sebuleni bila fundi. Urahisi huo ndio uliozaa biashara kubwa ya vipuri, na ndio unaotufanya tununue kabla ya kujua tunachokihitaji.

Jambo la sheria nalitanguliza kwa sababu kosa lake kwetu ni zito kuliko kwa jirani aliyezaliwa hapa. Kisheria bunduki ni kiwiliwili, yaani kile kipande cha kati cha alumini kinachoshika mtutu na kifyatulio, chenye namba ya utambulisho ya kiwandani. Mtutu, kitako na kifyatulio huagizwa na kuletwa nyumbani kama bidhaa nyingine, lakini kiwiliwili hupitia kwa muuzaji mwenye leseni. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kununua, naye ataandika namba yake ya uhamiaji kwenye Fomu 4473, ile fomu ya serikali kuu inayojazwa kwa muuzaji unaponunua bunduki. Aliyeingia kwa viza ya muda, kama ya mwanafunzi, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki bunduki wala risasi, isipokuwa anapoingia katika misamaha michache iliyotajwa na sheria, mmojawapo ukiwa leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Mtutu wa bunduki ya kitako usipungue inchi 16 wala bunduki nzima isipungue inchi 26, kwani chini ya hapo unaingia katika sheria ya silaha ya mwaka 1934 (National Firearms Act) yenye usajili wake maalumu. Kipuri chochote kinachodai kutoa risasi zaidi ya moja kwa mvuto mmoja wa kifyatulio usikiguse kabisa. Majimbo kama California na New York yana masharti yao kuhusu magazini (kile kikasha kinachobeba risasi) na umbo la kitako, hivyo soma sheria ya jimbo lako kabla ya kulipa. Mgeni akitiwa hatiani kwa kosa la bunduki anaweza kurudishwa kwao hata kama ana kadi ya kijani. Ikiwa una shaka hata kidogo, ada ya wakili wa uhamiaji ni ndogo kuliko hasara hiyo.

Sasa tuje kwenye bunduki yenyewe, na kitu cha kwanza ninachokushauri ununue ni risasi za aina mbalimbali. Bunduki hizi zina mapenzi yao: mbili zilizotoka kiwanda kimoja mwaka mmoja zinaweza kupenda risasi tofauti. Nilinunua kasha moja moja la aina sita, nikaegemeza bunduki juu ya mifuko ya mchanga, nikapiga makundi matano ya risasi tano kwa kila aina katika yadi 50, nikiandika tarehe, upepo na upana wa kila kundi katika daftari la shule. Risasi za bei nafuu zilizouzwa kwa ndoo zilitawanyika karibu inchi mbili. Risasi za mwendo wa kawaida, zisizovuka kasi ya sauti, zilikusanyika katika inchi moja na kidogo, kwa mtutu uleule wa kiwandani niliokuwa nimekwisha kuulaumu na kutaka kuung'oa. Daftari hilo limeniokolea fedha nyingi kuliko ushauri wa mtu yeyote. Kila kipuri nilichokifunga baadaye kilipimwa kwa risasi zilezile na umbali uleule, kimoja kwa wakati mmoja, kwa sababu ukibadilisha mtutu na kifyatulio siku moja hutajua kamwe ni kipi kilichokusaidia.

Baada ya risasi, mkanda na vilengeo. Katika mafunzo ya Project Appleseed mtihani una risasi 40 na alama 250, na anayefikisha 210 huhesabiwa kuwa mpiga shabaha kamili. Unapiga ukiwa umesimama, umekaa au umepiga goti, na umelala, na hatua mbili kati ya nne zinakudai ubadilishe magazini huku saa ikihesabu. Hapo nilielewa kwamba mkanda uliofungwa vizuri kwenye mkono wa kushoto, ukibana juu ya msuli hadi bunduki itulie kama imewekwa juu ya gogo, unafanya kazi ambayo mtutu wa bei kubwa hauwezi kuifanya. Vilengeo vya kiwandani vina mwanya mfupi kati ya cha nyuma na cha mbele. Kilengeo cha tundu kama vile vya Tech-Sights, kinachofungwa juu ya kiwiliwili karibu na jicho, huurefusha mwanya huo na kulituliza jicho. Kama bunduki yako ni ya zamani, yenye kitufe cha magazini kilichozama, ongeza kitufe kirefu pia, maana kukitafuta kwa kidole wakati sekunde zinakwisha ni mateso.

Kuhusu kitako nina neno moja. Ukifunga darubini utagundua kwamba shavu lako linaelea hewani, kwa sababu kitako cha kawaida kilichongwa kwa ajili ya vilengeo vya chini. Usikimbilie kununua kitako kipya. Kata kipande cha sponji ngumu, kifunge kwa utepe juu ya kitako, ongeza au punguza hadi ukifumba macho, ukaweka bunduki begani na kufumbua, ukute jicho liko katikati ya darubini. Pima kimo hicho. Ukitaka kitako cha kudumu kama Hunter X-22 cha Magpul, ambacho urefu wake hurekebishwa kwa vipande vya kati, utakiagiza ukiwa na vipimo mkononi.

Kifyatulio ndicho kipuri kinachobadilisha bunduki hii kuliko vyote, na ndicho kinachohitaji adabu kubwa kuliko vyote. Changu cha kiwandani kilipimwa kikavuka pauni 6, kikijikokota kama mlango uliovimba kwa mvua. Kabla ya kufungua chochote, toa magazini, fungua bolti (kile kipande kinachofunga nyuma ya mtutu), tazama chemba (tundu ambamo risasi hukaa) kisha iguse kwa kidole kidogo. Risasi zote ziwe chumba kingine. Nyundo iwe imekokwa na kitufe cha usalama kiwekwe katikati, la sivyo mbao za kitako zitakikwamisha na utazipasua. Tandika taulo nyeupe mezani, kwa sababu pini za mfumo huu hutoka zenyewe ukiinamisha kiwiliwili, nami niliwahi kuitafuta moja chini ya friji kwa muda wa chakula cha jioni. Nunua mfumo uliokamilika au nyundo iliyotengenezwa na kiwanda kinachoaminika, wala usinoe meno ya kifyatulio wala kukata springi nyumbani. Ukishafunga, koka bunduki tupu, weka usalama na uvute: nyundo isianguke. Ondoa usalama, gonga kitako kwa nyundo ya mpira pande zote: isianguke. Siku ya kwanza uwanjani weka risasi mbili tu katika magazini, na zikitoka kwa mfululizo kwa mvuto mmoja, acha papo hapo, toa magazini, ipeleke kwa fundi wa bunduki. Na soma kanuni za mashindano unayoyataka kabla, wala si baada kama nilivyofanya mimi.

Mtutu mzito wa kipenyo cha inchi 0.920 unapendeza macho, lakini ukiujumlisha na darubini unaweza kuzivuka zile pauni 7.5, na kwa anayewinda kindi, ambaye hapa Ohio anaanza Septemba 1 na anaruhusiwa sita kwa siku, kuutembeza mlimani kutwa nzima ni adhabu. Uzito wake wote unaning'inia kwenye kile kipande cha V na kiwiliwili cha alumini, kwa hiyo pua yake huelekea kuinama kidogo isipobanwa vizuri. Mitutu mingi ya aina hii ina chemba ya Bentz, iliyobana zaidi ya ile ya kawaida, na watengenezaji huonya usitumie risasi zenye ganda refu kama CCI Stinger. Ninaheshimu kazi ya mitutu hiyo, lakini ningesubiri hadi daftari lionyeshe kwamba mpigaji ameumaliza uwezo wa mtutu wa kiwandani. Wangu sijaumaliza. Ninausafisha kwa kamba inayovutwa kutoka kwenye chemba kuelekea nje, ili ufito wa kusafishia usikwaruze mdomo wa mtutu, kwani risasi huaga hapo.

Ile pini ya chuma ambayo bolti huigonga nyuma ya kiwiliwili nimeibadilisha kwa ya plastiki ngumu. Haikuongeza shabaha hata chembe, ila imeondoa mlio wa chuma kwa chuma, na ni ya bei ndogo.

Vipuri vya asili usivitupe. Vyangu viko katika sanduku la bati, kila kimoja katika mfuko wake wenye tarehe niliyokitoa. Mfumo wa kifyatulio wa kiwandani umerudi ndani ya bunduki ukiwa na nyundo mpya tu, na sasa unahimili pauni 3 na nusu. Kile chepesi kimelala sandukuni, nami hukitoa siku ninazopiga nikiegemea mifuko ya mchanga, mahali ambapo hakuna anayepima.